Mzega wa Bwana Edmundi

Simu ya kuniambia kwamba Bwana Edmundi amefariki ilinikuta barazani nachambua mbaazi, na kabla sijatoa pole, harufu ilinijia puani. Vanishi, dagaa wa kopo, na shati lililovaliwa juma zima. Nimeishi mengi tangu nitoke katika nyumba yake ya Newala. Nimezaa, nimezika, nimefundisha mpaka nikastaafu, lakini harufu ile ilikuwa imejikalia mahali fulani ikinisubiri. Aliyepiga simu ni mpwa wake, binti mwenye adabu. Alinieleza kwamba msiba uko Masasi, na kwamba ile kazi kubwa ya marehemu itatundikwa ukumbini juu ya jeneza, kisha watu wa makumbusho wataondoka nayo siku hiyohiyo. "Tumeona tukualike, Mama Upendo, maana wewe ulikuwepo ikitengenezwa," alisema. Nikamjibu kwamba nitakuja. Nilipokata simu nilitema mate uani, jambo ninalowakataza wajukuu zangu kila siku.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Shangazi alinitafutia pa kusubiria: kumpikia msanii mmoja, Mmakua wa Masasi, aliyesoma Ulaya akarudi na suruali ya kodrai na maneno mengi. Alipanga nyumba Newala, pale ukingoni ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linabaki wazi chini. Alipachagua kwa ajili ya upepo. Chumba cha mbele alikitoa dari, boriti zikabaki uchi, na kwenye boriti alining'iniza nyuzi kila mahali hata mgeni akiingia alizipangua kwa mikono usoni. Sakafuni kulikuwa na mabati yaliyokatwakatwa, spoku za baiskeli, vibuyu vilivyopasuliwa, vipande vya mpingo, na makopo ya dagaa aliyokula akayaacha na mafuta yake mpaka nzi wakalewa. Hakuwa na meza ya chakula kwa sababu alikula akitembea. Alitafuna korosho mdomo wazi huku anazungumza, makombo yakimkaa kwenye ndevu, kisha akayapangusa kwa kiganja kilekile alichoshikia kazi yake. Na maji! Newala ile, ambako mtu alidamka kwenda kupanga foleni ya ndoo, na bomba likikauka akashuka bondeni na kupanda tena na mzigo, yeye alioga ndoo nzima akiimba, na ya pili akasuuzia brashi. Mchotaji nilikuwa mimi. Nilisimama nyuma ya mlango wa bafu nikisikiliza maji yangu yakimwagika, na nilimchukia kwa moyo mweupe kabisa.

Kazi yake aliiita sanamu inayopumua. Majirani waliichungulia dirishani wakaiita mzega, kwa kuwa ilifanana na ule mti ambao wanaume huuweka begani wakipandisha maji, debe moja mbele na jingine nyuma. Naona majirani ndio waliopatia. Kila mkono wa waya ulikuwa mzega mdogo: uzi mmoja unaoubeba, na mzigo huku na huku. Kizito kinakaa karibu na uzi, chepesi kinasogezwa mbali, na hapo vinalingana ingawa havifanani hata kidogo. Tena kazi ile inaanzia chini. Unausawazisha kwanza mkono wa chini kabisa mpaka utulie wenyewe, kisha mkono huo wote, pamoja na mizigo yake, unakuwa mzigo mmoja tu wa mkono ulio juu yake, na hivyohivyo mpaka boritini. Mimi nilisimama juu ya stuli nikishika nyuzi, yeye akisukuma fundo kidogo, kidogo tena, halafu akapiga kelele, "Achia!" Nami naachia, na mkono unayumba, unafikiri, unatulia. Upepo wa bondeni ukiingia dirishani kitu kizima kilianza kuzunguka, mkono huu polepole, ule haraka, vikipishana bila kugusana. Nitasema ukweli ingawa unaniudhi: kilikuwa kizuri. Mara ngapi ugali uliungua nikikitazama! Mtu mchafu vile, na kitu safi vile kikatoka mikononi mwake. Mpaka leo hilo linanichefua kuliko makopo yake.

Msimu wa korosho ulipoanza nilikwenda kwetu Chilangala, naye akanifuata huko, akisema anatafuta vyombo vya zamani. Bibi yangu, Bibi Asinati, alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliobaki na ndonya, kile kibao cha mviringo cha mpingo kinachokaa kwenye tundu la mdomo wa juu. Alianza kuvaa akiwa msichana, kidogo kikafuatiwa na kikubwa zaidi, hadi hicho cha mwisho alichokuwa nacho tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Mdomo wake ulishaumbika kwa kibao kile. Bila hicho ulilegea ukaning'inia, uji ukamtoka, maneno yakamvuja, kwa hiyo alikitoa wakati wa kukiosha tu, akiwa amejifunika khanga, na sisi wa nyumbani tulitazama pembeni bila kuambiwa. Edmundi alitukuta wakati huohuo. Alikuwa ndiyo kwanza ameamkia, "Shikamoo Bibi," na Bibi ameitikia marahaba kwa shida, mara akainama, akakidaka kibao bakulini, akakiinua juu. "Mateka wangu huyu!" akasema. "Wamakonde wameshindwa leo!"

Asiyekulia huku anaweza kushangaa kwamba tulicheka. Lakini Wamakua ni watani wetu, na mtani akikuchukulia kitu hukasiriki. Si wizi. Unacheka, unamtukana matusi ya utani, kisha unakikomboa kitu chako kwa kuku, naye anakirudisha, na urafiki unakuwa umekolezwa chumvi. Ndivyo ilivyo arusini, ndivyo ilivyo hata msibani, ambako mtani anaweza kuingia kaburini akalala na jeneza lisishuke mpaka akombolewe. Sharti ni moja: ukishakombolewa, unarudisha. Mtani aliyekula kuku akakataa kurudisha hatukuwa na jina la kumwita, kwa sababu hatukuwahi kumwona. Kwa hiyo Bibi alicheka nyuma ya khanga mpaka mabega yakatikisika. "Ntani wangu ana njaa huyu," alisema, maneno yakimvuja. "Ntu nzima anaiba ndomo wa bibi kizee ili ale nyama! Hata mbwa wa Masasi wana haya." Edmundi akamjibu kwamba kuku wa Chilangala wamekonda kama wenyewe, wamnenepeshe kwanza mmoja, mimi Debora nimlete Newala, ndipo mateka arudi. "Nenda naye," Bibi akasema, "lakini usinkalie, atakung'ata." Edmundi alikifunga kibao katika leso aliyokuwa ametoka kufutia ndevu. Niliiona leso ile, yenye madoa ya mafuta, wakati wengine bado wanacheka.

Bibi alimtoa jogoo wake mwekundu, aliyekuwa akitamba uani hata mbuzi wakimpisha. Nilimpeleka Newala kapuni, jirani akanichinjia, nikamnyonyoa, nikampika kwa korosho mbichi za kutwanga mpaka mchuzi ukawa mzito. Sikuwahi kupika vizuri hivyo katika nyumba ile. Edmundi siku hiyo alikaa chini, mara ya kwanza kumwona akila amekaa. Alianza na mapaja, akaja kifua, akaja mgongo, akavunja mifupa na kufyonza ndani yake kwa sauti niliyoisikia mpaka jikoni. Niliporudi kutoa sahani nilimwambia, "Bwana Edmundi, Bibi amekukomboa. Nikipata kile kibao nitampelekea kesho." Alinyoosha mfupa wa paja juu, na nilipotazama nikakiona. Alikuwa ameshakitundika kwenye mkono wa chini kabisa, upande wa karibu na uzi, kidogo, cheusi, kizito, na upande wa mbali jani refu la bati likilingana nacho.

"Kile kimeshapata kazi," alisema.

"Lakini kuku umekula."

"Debora, mambo ya utani ni ya kijijini. Hii ni sanaa." Akalamba kidole gumba. "Hebu fikiri, wewe si unajua namna inavyokaa? Kile ndicho mzizi. Ukikitoa cha chini, kilicho juu yake kinakosa uzito kinapanda, na cha juu ya hicho, na cha juu yake tena. Yote inaporomoka kwa ajili ya bibi kizee mmoja?"

Ulikuwa uongo, naye alijua kwamba najua. Sakafu ile ilijaa vipande vya mpingo, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuchukua kipande, kukipiga tupa, kukijaribu, kukipiga tupa tena mpaka kilingane. Angechonga kingine kabla ugali haujapoa. Hakutaka, na sababu yake niliisikia wageni walipokuja. Walikuwa waheshimiwa fulani wa mjini pamoja na Wazungu wawili, walipanda na gari wakaja kutazama, nami nikapitisha chai na sahani ya ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, ambayo hakuna aliyeigusa isipokuwa mwenyeji. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia mama mmoja akiuliza, "Na hiki cheusi?" Edmundi akashusha sauti. "Huo ni mdomo wa mwanamke wa Kimakonde." Mama yule akavuta pumzi. "Amekufa?" "Yuko hai. Alikitoa mwenyewe mdomoni akaniwekea mkononi, huku analia. Akaniambia, mwanangu, nenda ukaionyeshe dunia." Nikasikia mtu anapenga kamasi kwa uchungu. Nimesikia uongo mwingi maishani, wa wanasiasa na wa wanafunzi, lakini ule ulikuwa na mate ndani yake. Alimnyang'anya Bibi maneno, halafu akamtungia mengine.

Bibi Asinati aliacha kwenda kanisani. Aliacha kukaa barazani. Alikula peke yake nyuma ya mlango, na ukipita ulisikia jinsi anavyohangaika na uji, maana kila alichotia kinywani kilitafuta njia ya kutoka, na kifua cha khanga yake kilikuwa na ukoko uliokauka ambao hakutaka tumfulie mbele ya watu. Nilikuwa nakwenda kumwona kila nilipopata ruhusa. Harufu ya kile chumba nayo haijanitoka, lakini ile siichukii. Mjomba alimchongea kibao kingine. Alikijaribu, mdomo ukatoka damu, akakirudisha. "Hiki cha ntu mwingine," alisema. "Changu kinakuja." Nilimwambia kwamba nalala nyumba moja na kibao chake, kiko juu ya kichwa changu kila siku, nipande stuli nikishushe nimletee. Alinikamata mkono kwa nguvu ambayo sikuijua. "Usithubutu. Ukikichukua wewe, umeiba, na yeye atakuwa mwenye haki. Ntani amekula, ntani atarudisha." Kisha akanisogelea, khanga mdomoni, na jicho lake likacheka lenyewe. "Hebu niambie. Kuku alikuwa nnono?"

"Alikuwa mnono, Bibi."

"Basi bado anamalizia mifupa. Nnungu ampe meno."

Kila nilipokwenda aliniuliza swali hilohilo, nami nikamjibu hivyohivyo. Mwanzoni tulicheka wote. Baadaye alicheka yeye. Sasa nikiwa na umri unaokaribia wake, nafikiri hakuwa anacheka kwa kutojua. Kukubali kibao kipya kungekuwa kukubali kwamba mtu aliyemwita mtani wake, akaitikiwa marahaba mlangoni pake, amekula chakula chake na kumfutia miguu usoni. Alikuwa radhi akae nyuma ya mlango na uji kifuani, kuliko kuliamini jambo hilo. Nami nilirudi Newala nikapika, nikachota maji, nikamsalimia Edmundi shikamoo asubuhi kama nilivyolelewa, na neno hilo lilinipita kooni kama dagaa aliyeoza.

Mvua zilipokaribia alivunja mzega wake mkono baada ya mkono, akaufunga katika masanduku pamoja na kibao, akaenda nao Dar es Salaam na baadaye ng'ambo. Hakupita Chilangala kuaga. Barua yangu ya chuo ilikuja, na kabla sijaenda Bibi akafa, mvua ikinyesha, njia ya makaburini ikiwa tope tupu. Wanawake waliomwosha walimfunga kitambaa cheupe mdomoni ili usionekane ulivyo. Mzee mmoja wa kanisa alikiona kitambaa kile akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwa sauti ya watu kusikia kwamba mama huyu mwishoni aliyaacha mambo ya giza. Nilitoka nje nikatapika kweli, nimeshikilia mkorosho.

Basi nilikwenda Masasi. Niliingia ukumbini nikakuta fulana zenye sura ya marehemu, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, maji ya chupa kwa waheshimiwa, na juu ya jeneza ule mzega, ukizunguka. Hapakuwa na upepo, kwa hiyo waliuwekea feni. Ile mikono niliyoishika nikiwa msichana ilikuwa inasukumwa kama punda, raundi moja baada ya nyingine, kwa mwendo mmoja. Chini kabisa, kibao. Watu walisimama mmoja mmoja kusifu. Alitupenda wanawake wa Kimakonde, mmoja alisema, alitupa sauti. Mwingine akasimulia jinsi bibi kizee mmoja alivyotoa ndonya yake huku analia, nenda ukaionyeshe dunia, na wanawake wakafuta machozi kwa vitambaa. Uongo ulikuwa umekua, umeota mvi, unapewa kiti cha mbele. Wazee wachache wa kwetu walikuwa wamekaa nyuma karibu na mlango, watani waliokuja kufanya kazi ya watani, na mshereheshaji alikuwa ameshawaambia kwa tabasamu, "Watani wetu mtatuwia radhi, ratiba imebana." Nje gari la makumbusho lilikuwa limeshafunguliwa mlango wa nyuma.

Nilisimama. Magoti yangu si ya stuli tena, lakini nilivuta kiti cha plastiki mpaka kando ya jeneza, nikapanda. Mshereheshaji alifikiri naenda kutoa shada. Nilisubiri mkono wa chini unifikie, nikaukamata, nikakichomoa kibao kwenye ndoano yake. Jani la bati lilianguka upande wake papo hapo, mkono wa juu yake ukapanda, wa juu ya huo ukapinda, na mzega wote ukalala upande mmoja ukigongana na feni kwa kelele kama sufuria zilizoanguka jikoni. Watu wakapiga mayowe. Mimi nilikuwa nakitazama kibao. Edmundi alikuwa amekipaka vanishi, na katikati, pale ambapo Bibi alikuwa akipangusa kwa kidole kila alipokiosha, alikuwa amekitoboa.

Mtoto mkubwa wa marehemu, mwanaume mwenye suti na kitambi, alikuja akinyoosha mikono. "Mama, tafadhali, shuka. Hicho kimeshaandikishwa makumbusho. Utatuletea matatizo." Kabla sijamjibu, fimbo iligonga sakafu. Alikuwa Bi Roda, dada wa marehemu, kikongwe ambaye siku nzima hakupewa nafasi ya kusema. "Mwacheni," alisema. "Hamumwoni ni mtani? Mmakonde wa Newala huyo, na msiba huu ni wake kama ulivyo wetu. Mtani hashikwi mkono, mtani hukombolewa. Nyie watoto mmekulia wapi?" Kule nyuma wazee wa kwetu wakaanza kucheka, kicheko cha kwanza siku ile, mmoja akapiga kofi. Bi Roda akamgeukia mpwa wake, yule binti wa simu. "Nenda uani, mkamate kuku mmoja, mnono, aletwe hapa tukikomboe kitu chetu tumzike ndugu yetu."

Nilishuka kwenye kiti taratibu, binti yule akinishika kiwiko. Nilikifunga kibao katika pindo la khanga, nikalifunga fundo, nikalikaza kwa meno. Chilangala si mbali, na kaburi la Bibi naliona hata nikifumba macho.

"Mwache kuku wa watu, Bi Roda," nilimwambia. "Kuku wa kitu hiki alishaliwa. Nilimpika mimi mwenyewe. Alikuwa mnono."